Siku Nne za Taa Iliyozimika Mnarani

"Gakwaya, hii sahihi ni ya nani?"

Bosi alinisukumia daftari mezani kabla hata sijakaa.

Nikaangalia. Jumatatu, taa zote zinawaka. Jumanne, taa zote zinawaka. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi hivyo hivyo.

Na kila siku ina sahihi yangu.

"Ni yangu," nikasema kabla ya kufikiri.

"Basi uko na shida kubwa. Ile taa ya juu imekufa tangu Jumatatu."

Ndugu zangu mnaosoma... Jumatatu mpaka Alhamisi mimi nilikuwa Kirehe. Nilikuwa namzika shangazi aliyenilea. Kigali sikuikanyaga hata kwa saa moja.

Sasa nani aliandika jina langu?

Ngojeni niwaeleze kwanza, maana najua wengi hamjui kazi yetu.

Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nimekulia Ngara, upande wa Tanzania, ndiyo maana Kiswahili hakinipi tabu. Miaka kumi na saba nimetunza mnara wa redio moja ndogo hapa Kigali. Jina la redio mniachie.

Mnara wetu uko kilimani, na ukisimama pale unaziona ndege zinavyoshuka kwenda uwanja wa Kanombe.

Mnara ulio karibu na uwanja wa ndege una masharti yake. Unapakwa mistari ya rangi ya machungwa na nyeupe, kwa kupokezana, na machungwa ndiyo inaanza juu na kumalizia chini. Hiyo ni ya mchana. Usiku ni taa nyekundu, kuanzia jua linapozama.

Kila jioni mtu lazima azione taa kwa macho yake, aandike kwenye daftari. Taa ya juu ikifa, una nusu saa ya kupiga simu uwanjani ili marubani waambiwe.

Wiki ile taa ilikufa. Hakuna aliyepiga simu. Siku nne!

Jumatano saa moja jioni, mvua inanyesha, rubani mmoja akaripoti kwamba juu ya mnara wetu ni giza tupu. Alishuka salama, Mungu ni mkubwa. Lakini alipofika chini aliuliza ule mnara umeenda wapi.

"Mkaguzi wa usafiri wa anga anakuja saa nne," bosi akaniambia.

Bosi anaitwa Kagabo. Amekulia Uganda, si mtu mbaya, ila siku ile alikuwa amekauka midomo.

"Anataka nini?"

"Anataka jina. Jina moja kwenye fomu. Huyo mtu hatagusa tena mnara wowote karibu na uwanja wa ndege."

Magoti yangu yamekwisha kwa kupanda ngazi za chuma, nani ataniajiri kwa kazi nyingine? Nina watoto wawili shuleni. Sijui kazi nyingine zaidi ya mnara.

Nikatoa tiketi ya basi mfukoni. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha za mazishi, mimi nimeshika koleo.

Kagabo akaziangalia moja moja.

"Banange... kumbe hukuwepo. Pole sana, mzee. Sasa nani aliandika?"

Sikuhitaji kufikiri. Daftari linakaa kwenye kibanda cha mitambo pale mnarani, na mwenye ufunguo wake, ukiniondoa mimi, ni mmoja tu.

Léonce.

Léonce ni mlinzi wetu, na kutunza jenereta ni kazi yake pia. Amekulia Bujumbura. Miaka kumi na minne tumekula sahani moja pale kilimani. Ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu.

Jumapili kabla ya safari nilimwambia yeye tu, "Léonce, niangalizie taa."

Akaniita patron, yaani mkubwa, kama kawaida yake: "Nenda uzike, patron. Mimi niko."

Nilipanda kilima kile siku ile na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Bosi nyuma yangu, daftari kwapani, anahema.

Tulimkuta mkaguzi ameshafika. Binti mdogo tu, Uwase, buti zimejaa matope. Alikuwa ameshika kikaratasi chenye vipande vya rangi, anakilinganisha na mguu wa mnara.

"Hii machungwa yenu imechujuka," akasema. "Imekuwa kama chai ya maziwa. Rubani haioni."

Rangi ile niliipaka mwenyewe, miaka tisa iliyopita.

"Rangi nawapa mwezi mmoja," akaendelea. "Taa siwapi hata siku moja."

Léonce alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, kofia mkononi. Aliponiona akataka kunipa pole ya msiba.

"Patron, mwihangane..."

"Wewe uliandika jina langu?"

Akashusha kofia.

"Yego, ni mimi."

"Siku zote nne?"

"Zote."

"Kwa nini, Léonce?"

"Daftari iko na jina lako peke yako. Nilifikiri nikiacha nafasi tupu, watasema ulikimbia kazi. Na wewe uko matanga."

"Na taa uliiona?"

Akageuka kuitazama mikaratusi.

Hapa lazima niwaambie jambo. Ukiwa kibandani huwezi kuiona taa ya juu. Mikaratusi imeziba. Ili uione lazima utembee mpaka chini barabarani, dakika nne kwenda, na kurudi ni kupanda. Mvua ikinyesha ni utelezi mtupu.

"Bwana Léonce," Uwase akauliza taratibu, "wewe ulijuaje kwamba taa inawaka?"

Léonce akaniangalia.

Aliniangalia muda mrefu, mpaka nikakasirika zaidi. Niliona anataka nimwonee huruma.

"Nilifikiri inawaka," akasema.

Basi.

"Mwandikeni huyu," nikasema. "Ameiba jina langu. Angeua watu, na mimi ndiye ningefungwa."

Nilisema hivyo mbele yake. Baba wa ubatizo wa mtoto wangu.

Kagabo akatoa kalamu, shida yake imepata mwisho. Fomu ilikuwa juu ya pipa la mafuta ya jenereta.

"Jina lako la pili?" akamwuliza Léonce.

"Ngojeni kidogo," Uwase akasema.

Alikuwa amechukua lile daftari. Hakuangalia zile siku nne. Alikuwa anarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa, kidole kinashuka pole pole.

"Mzee Gakwaya, hapa nyuma ni mwandiko wako?"

"Ndiyo, madamu. Huo ni wangu kweli."

"Kila siku unaona taa saa kumi na mbili na dakika kumi?"

"Ndiyo."

"Kila siku? Mwaka mzima? Hata dakika moja haizidi?"

Nikasogea karibu niuone ukurasa wenyewe.

"Na hii Jumamosi ya umuganda, ya usafi wa mitaa," akasema. "Bosi, siku ile redio yenu ilikuwa hewani?"

Kagabo akakuna kichwa.

"Oya, haikuwa. Transfoma ya mtaa iliungua, na jenereta ilikuwa kwa fundi. Tulirudi hewani Jumapili mchana. Nakumbuka, walinipigia simu watu wa matangazo, walinitukana."

"Mnara haukuwa na umeme?"

"Hata kidogo."

Uwase akanigeuzia daftari.

Jumamosi. Taa zote zinawaka. Saa 12:10 jioni. Sahihi yangu, kwa mkono wangu.

Niliusoma mstari ule mara mbili.

Uwase hakuwa amemaliza. Akapeleka mbele mpaka zile siku nne za Léonce, mwisho wa ukurasa. Halafu akageuza.

"Leo ni siku gani, mzee?"

"Ijumaa."

"Ni saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

"Jua limezama?"

Nikainua macho, jua lilikuwa juu ya mikaratusi.

Ukurasa mpya ulikuwa na mistari mitatu. Ijumaa, taa zote zinawaka. Jumamosi, taa zote zinawaka. Jumapili, taa zote zinawaka.

Wino mbichi. Mwandiko wangu.

Ndugu zangu, kuna kitu nimewaficha tangu mwanzo, na nimekificha kwa sababu hata mimi mwenyewe nilikuwa nimejificha.

Asubuhi ile, kabla bosi hajaniita, nilishuka kwenye basi la Kirehe nikiwa na usingizi machoni, nikapita kilimani kwanza. Nikafungua kibanda, Léonce ameenda kunywa chai. Nikafunua ukurasa mpya bila kutazama wa nyuma, nikajaza daftari mpaka Jumapili, ili wikiendi nipumzike. Halafu nikaenda mjini, na daftari likanitangulia kwa pikipiki, bosi alikuwa ameliagiza. Wala sikufikiri mara mbili. Nilikuwa nafanya hivyo kwa miaka.

Na siku ambazo sikujaza mapema, mnajua nilikuwa naangaliaje taa?

Kibandani kuna swichi inayowasha taa yenyewe giza likiingia. Ikiwasha, inalia tik. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti, nakunywa chai yangu, nasikia tik, naandika. Dakika nne za kwenda barabarani nilikuwa nimeziacha zamani sana, magoti yalipoanza kuuma.

Sasa taa ikifa, swichi bado inalia. Swichi haijui kama balbu ni nzima. Inalia tu.

Na Léonce alijifunza wapi?

Kwangu. Mwezi wake wa kwanza kazini aliniuliza taa inaangaliwa vipi, na mimi nikamwambia, "Ukisikia tik, andika."

Siku zote nne aliisikia. Akaandika. Alifanya kazi yangu vile vile kama ninavyoifanya mimi.

Uwase hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia kelele.

"Mzee," akasema, "fomu inauliza hivi. Nani alikuwa na kazi ya kuiona taa? Na nani aliiona?"

Pale juu upepo ulikuwa unapiga waya. Kagabo alikuwa anaangalia viatu vyake. Léonce alikuwa bado ameshika kofia.

Nilikuwa na njia. Nawaambia ukweli, nilikuwa nayo. Ningesema zile kurasa za nyuma ni uzembe mdogo, lakini usiku ambao rubani alikosa taa mimi nilikuwa makaburini, na tiketi hii hapa. Kagabo angenisaidia. Tayari alikuwa ameanza.

"Madamu, kusema kweli huyu mzee alikuwa msibani, na kosa la wiki hii..."

"Lete kalamu, bosi," nikasema.

"Gakwaya, fikiri."

"Nimechoka kufikiri. Lete."

Penye kazi ya kuiona nikaandika Gakwaya. Penye aliyeiona nikaandika hakuna.

Uwase akasoma, akakunja fomu, akaiweka kwenye mkoba. Akanipa mkono. Sikutegemea.

Jioni ile fundi mwingine alipanda akabadilisha balbu. Mimi nilikuwa nakabidhi funguo.

Ni miezi mitano sasa. Niko nyumbani Rwezamenyo, nauza vocha na betri za tochi kwenye kibanda cha mke wangu. Mnara umepakwa rangi upya, machungwa inawaka mpaka macho yanauma. Léonce alipewa barua ya onyo, halafu wakampa daftari. Nasikia kila jioni anashuka mpaka barabarani, mvua isinyeshe au inyeshe.

Mkitaka funzo, chukueni hili. Usitie sahihi kitu ambacho macho yako hayajakiona, hata kama jana kilikuwepo, hata kama juzi kilikuwepo. Na siku umekasirika unamnyooshea mtu kidole, omba wakupe dakika moja ufungue kurasa zako mwenyewe. Mimi sikuomba. Alinifungulia Uwase, mtoto wa watu.

Najua mtaandika huko chini, "Pole mzee, umepoteza kazi." Asanteni. Lakini kazi siyo inayoninyima raha.

Siku ile nilipokuwa natoka, Léonce alinifungulia geti kama kawaida. Nilisimama.

"Ulikuwa unajua zile kurasa," nikamwambia.

"Najua zote. Miaka kumi na nne nakuona."

"Wamekushikia kalamu juu ya kichwa, na ukanyamaza. Ungesema tu kwamba ni mimi niliyekufundisha."

Akafunga komeo la geti, pole pole, upande wake.

"Nilikuangalia machoni, patron," akasema. "Nilikuwa nangoja useme wewe."