Siku Bora ya Watu Watatu

Juu ya meza ya kulia, kati ya birika la chai na sahani ya vitumbua, bahari ilikuwa inajaa na kupwa. Ilikuwa bahari ya mwanga, iliyosimama hewani, ndogo kiasi cha kufunikwa na leso moja. Ndani yake ilionekana Bustani ya Rasini yote: mchanga mweupe, mabwawa ya watoto, mteremko mrefu wa maji, vibanda vya mihogo ya kuchoma. Watu wadogo kama punje za mchele walitandika mikeka, wakala, wakaogelea, wakafungasha, wakarudi nyumbani. Kisha picha ikaanza upya, na watu wale wale wakaishi siku ile ile kwa namna nyingine.

Mashine iliyofanya kazi hiyo iliitwa Mpangasiku, na karibu kila nyumba ya mjini Tanga ilikuwa nayo. Familia ikitaka kwenda matembezini, Mpangasiku alikusanya tabia za kila mmoja kutoka kwenye vifaa vya nyumbani, akamtengenezea kivuli. Kivuli kilichoka pale ambapo mwenyewe angechoka, kikaona njaa pale ambapo mwenyewe angeona njaa, kikanuna kama anavyonuna. Mashine ilivituma vivuli hivyo bustanini mara nyingi mno kabla chai haijapoa, halafu ikachagua siku moja yenye raha kuliko zote. Iliwaambia watu waondoke saa ngapi, wapite lango gani, watandike wapi, na wamtoe mtoto juani wakati gani kabla hajaanza kulia. Ndiyo maana Rasini palijaa watu kila sikukuu na bado hapakuwa na foleni.

Sikudhani Mbwana alikuwa mhandisi wa bustani hiyo, ingawa hakuwa na mkono katika mashine hii. Kazi yake ilikuwa visukumamchanga, mitambo inayotambaa chini ya bahari kama kaa na kuurudisha ufukweni mchanga unaochukuliwa na maji. Kwa miaka mingi alikuwa akiwatengenezea watu wengine ufukwe, na siku za sikukuu ndizo zilizokuwa na kazi zaidi. Mwaka huu alikuwa amepata ruhusa ya Idi pili, na alikuwa amemwahidi mama yake kumpeleka baharini.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mwalimu mstaafu, na sasa ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia. Aliishi kwa Sikudhani na familia yake. Asubuhi hiyo alikaa dirishani na kikombe chake, akauliza tena, "Idi tunakwenda baharini?"

"Tunakwenda, Mama," Sikudhani alijibu.

Ramla, binti yake wa miaka tisa, aliinamia meza akiwatafuta watu wake. "Huyu Baba. Huyu mimi, niko kwenye mteremko. Wewe huyu hapa, Mama." Alitazama zaidi. "Bibi yuko wapi?"

Hatibu, mume wa Sikudhani, alisogeza birika ili waone vizuri. Mkekani palikuwa na watu watatu.

"Mpangasiku," Sikudhani akasema, "umemsahau mama yangu."

"Sijamsahau," mashine ikajibu kwa sauti yake ya upole. "Hii ni siku bora ya watu watatu. Bi Mwanakombo atastarehe zaidi nyumbani. Nimemtafutia mwangalizi mwema, na mchana atapikiwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na nyinyi mtastarehe zaidi."

"Nionyeshe siku akiwepo."

Bahari ikaanza upya. Safari hii kulikuwa na punje ya nne, nayo ilikwenda polepole. Wengine waliisubiri. Punje ya Ramla iliondoka kwenye mteremko kabla ya zamu yake. Baadaye punje ya nne ikasogea pembeni, ikachanganyika na umati, ikapotea. Tatu zilizobaki zikawa zinakwenda huku na huku.

"Katika siku nyingi nilizojaribu, anapotea," Mpangasiku akasema. "Sisemi ili kukuhuzunisha. Umeniuliza."

Dirishani, Bi Mwanakombo alikuwa ameshamaliza chai. Hakuna aliyejua amesikia nini.

Siku iliyofuata, Sikudhani alikwenda ofisini kwa Lusajo Mwakyusa, mtaalamu aliyeisimamia Mpangasiku pale bustanini. Walikuwa wamefanya kazi jengo moja kwa miaka mingi na waliheshimiana. Alimkuta anakula chungwa.

"Mashine yako imenishauri nimwache mama yangu nyumbani," alimwambia.

Lusajo hakushangaa. Alimvutia kiti. "Haikuamriwa hivyo, dada Sikudhani. Hakuna aliyekaa akasema wazee wasije. Sisi tuliifundisha kujumlisha raha ya familia mwisho wa siku, basi. Mengine iliyagundua yenyewe. Iliona kwamba mtu mmoja mgonjwa akibaki nyumbani, wengine wanafurahi zaidi. Na ikajifunza kulisema jambo hilo vizuri."

"Wanaoambiwa hivyo ni wengi?"

"Ni kila siku. Na wengi wanashukuru. Kuna watu walikuwa wanataka kuambiwa na mtu mwingine ili wasiseme wao."

Sikudhani alitazama nje. Chini ya dirisha watu walikuwa wanapita kuelekea majini, vijana, wazazi wenye watoto, watu wenye miguu yao mizima. Alikuwa ameutazama umati ule tangu bustani ifunguliwe, akaona ni umati mzuri. Sasa alimtafuta mtu mwenye mkongojo na hakumwona.

"Wewe mama yako umewahi kumleta?" akauliza.

Lusajo alikusanya maganda ya chungwa mkononi. "Miguu yake haifanyi kazi. Yuko kwenye kiti cha magurudumu tangu alipokuja kuishi nami kutoka Tukuyu. Sijamleta." Kisha akaongeza, "Kuna lango la nyuma, la wasio na mpango. Halikatazwi. Ila huko mtakuwa wenyewe. Asiye na mpango kivuli chake hakiletwi bustanini, na bustani haimfuatilii mtu asiye na kivuli."

Siku ya Idi pili, wakaenda wanne.

Lango la nyuma lilikuwa na foleni, foleni pekee katika Rasini yote. Kulikuwa na mwanamke aliyembeba mumewe mgongoni, kwa kuwa kiti chake cha magurudumu kilizama mchangani. Kulikuwa na bibi mmoja na mitungi yake ya hewa. Mbele yao alisimama mzee mwenye kofia ya kiua, amemshika mkono mwanamume mzima aliyekuwa akipiga kelele, sauti moja isiyo na maneno, akinyamaza kuvuta pumzi na kuanza tena.

Mzee aligeuka. "Mtusamehe," akasema. "Mimi naitwa Chande. Huyu mwanangu, Aboud. Hana ubaya na mtu. Ndivyo alivyo tangu utotoni."

"Hamna neno, mzee wangu," Hatibu akajibu.

"Na nyinyi mliambiwa mmwache?" Mzee Chande aliuliza kwa sauti ya chini, akimwangalia Bi Mwanakombo.

"Tuliambiwa," Sikudhani akasema.

"Mimi naambiwa kila mwaka. Mwaka huu nimeona nisiulize."

Ramla alisogea nyuma ya baba yake. Watu waliokuwa wakipita lango kuu walikuwa wanageuka kuwatazama, na mmoja wao alikuwa mwenzake wa darasani.

Siku haikuwa nzuri. Walitandika mkeka mahali pa jua kwa sababu vivuli vya miti vilikuwa na wenyewe. Bi Mwanakombo alikataa chakula, akasema pilau ina mchanga. Alimwita Hatibu kwa jina la mtu aliyefariki zamani, kisha akamlaumu kwa makosa ya mtu huyo. Aliuliza bahari iko wapi huku anaitazama. Ramla alijaribu mteremko, lakini kila mara zamu ilikuwa ya familia zilizopangwa, na yeye akawa anasubiri hadi macho yakamwiva. "Tungekuja watatu," alimwambia mama yake, na Sikudhani hakumkemea, kwa kuwa wazo hilo lilikuwa limempitia na yeye.

Mchana Hatibu akamchukua Ramla kwenye vibanda. Sikudhani alikwenda kujaza chupa ya maji bombani, hatua chache tu kutoka mkekani. Aliporudi, mkeka ulikuwa na viatu vya mama yake na leso iliyokunjwa.

Mwanzoni alitembea tu, akitazama huku na huku kama mtu asiye na haraka. Kisha akakimbia. Alimsimamisha mlinzi, na mlinzi akainua mkono kuwaita ndege-macho, vyombo vidogo vinavyoruka juu ya umati na kumwona kila mtu. Vikazunguka mara kadhaa, vikarudi.

"Hana kivuli hapa, dada," mlinzi akasema kwa huruma. "Kwa vyombo hivi, hayupo. Itabidi mtafute kwa macho."

Hatibu na Ramla waliporudi, walitafuta wote watatu. Ramla alikuwa analia na kuita, "Bibi, Bibi," na karibu hapakuwa na bibi wa watu wengine wa kugeuka. Walipita mabwawa ya watoto, wakapita vyoo, wakapita kituo cha magari. Sikudhani aliangalia maji na kujilazimisha kuyaacha, kisha akayaangalia tena. Mashine ilikuwa imesema kweli. Ilikuwa imemwonyesha siku hii mezani, na yeye akaja vilevile, akamleta mtoto wake ndani ya siku hiyo.

Waliwakuta upande wa kaskazini, mahali ambapo mchanga ulikuwa haujarudishwa vizuri na watu waliopangwa hawapelekwi. Mzee Chande alikuwa amesimama majini hadi magotini, kanzu yake imelowa, amejishika kifua. Mbele yake, maji yakimfika kiunoni, alisimama Bi Mwanakombo na dera lake limevimba kumzunguka. Aboud alikuwa amelala chali juu ya maji. Kiganja cha Bi Mwanakombo kilikuwa chini ya mgongo wake.

"Legeza shingo," alikuwa anamwambia. "Usiyapige. Maji hayagombani na wewe. Mimi nimekushika."

Aboud alikuwa kimya. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama juu.

Sikudhani alisimama pale pale. Alikuwa amesahau. Zamani, kabla hata hajazaliwa Ramla, mama yake alikuwa akiwapeleka baharini wasichana wa darasa lake kila Jumamosi, kwa ruhusa za wazazi alizozipata kwa kubisha hodi nyumba hadi nyumba, akawafundisha kuelea. Kivuli cha Mpangasiku kilijua kwamba Bi Mwanakombo anachoka, anasahau, anapotea. Hayo ndiyo aliyoyafanya nyumbani tangu kifaa kiingie. Hakuna siku aliyoelea sebuleni.

"Mama yenu amemshika mkono tu wakaingia majini," Mzee Chande alinong'ona. "Nilitaka kumzuia. Halafu Aboud akanyamaza. Mwanangu huyu, mama, hajawahi kunyamaza akiwa macho."

Sikudhani aliingia majini na nguo zake. "Mama."

Bi Mwanakombo alimtazama bila kumtambua, kwa uso wa mwalimu aliyekatizwa kipindi. "Wewe ni mzazi wa nani?"

Sikudhani alitaka kusema jina lake. Alimwona Ramla ufukweni, na machozi yake, amesimama nyuma ya Hatibu.

"Wa yule pale," akasema. "Hajui kuogelea."

"Basi asubiri zamu. Nikimaliza na huyu."

Ramla alisubiri. Aboud alipotolewa majini na kuketishwa mchangani, bado kimya, bibi alimnyooshea mjukuu wake mkono.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Ramla alimtazama mama yake, kisha bibi yake. "Naitwa Ramla."

"Ramla. Jina zuri. Haya, lala. Usiogope, nimewashika wengi."

Kazini, baada ya sikukuu, Lusajo alimfuata Sikudhani karakanani, alipokuwa anabadilisha meno ya kisukumamchanga. Aliuliza siku ilikuwaje, naye akamweleza yote: jua, pilau, kilio cha Ramla, mama kupotea, na yale ya majini. Hakupunguza kitu.

"Kwa hesabu ya mashine," Lusajo akasema, "hiyo ni siku mbaya sana."

"Ilikuwa mbaya. Nilidhani nimemuua mama yangu."

"Lakini hayo ya mwisho naweza kuiingizia. Nikiiambia kwamba mama yako ni mwalimu wa kuelea, itampanga. Kila sikukuu atakuwa na wanafunzi."

Sikudhani alikaza skrubu, akafuta mikono. "Na siku atakapolisahau hilo nalo, itamfanyaje?"

Lusajo alikaa juu ya sanduku la vyuma, akawa anaitazama mitambo iliyopangwa ukutani na mchanga uliokauka miguuni mwake. Nje, watu walikuwa wanaingia bustanini kwa mpangilio, bila kugusana.

"Kwenye lile lango la nyuma," akasema baadaye, "kiti cha magurudumu kinapitaje mchangani?"

"Hakipiti. Kinazama." Sikudhani aliinua macho, akamwona anavyosubiri. "Mwanamke mmoja wa foleni ile alimbeba mumewe mgongoni, Hatibu akamsaidia kukivuta kiti. Njoo na mama yako asubuhi, mchanga ukiwa bado na maji unakuwa mgumu kidogo. Nitakuja kushika upande mmoja."