Kina Kiko Kwenye Majani

Siku ile mjinga alikuwa Octavian, na tumtaje mapema asije akaisingizia mvua. Alitoka Makole, mjini, na kitabu cha mimea chenye picha za rangi, ametumwa na ofisi kuorodhesha majani ya kinamasi cha Bahi kabla mwekezaji hajaja kukikausha alime mpunga. Mama Zipora, msuka mikeka aliyezeekea kwenye mafunjo yale, alikuwa akiusukuma mtumbwi kwa upondo na kumwonya: "Ukiona kijani kimetandazwa kama zulia, usikanyage. Nyasi hiyo inaelea, chini hakuna kitu."

Octavian akaona ua la zambarau. Akaruka.

Zulia likafunguka. Maji yakamfika kidevuni, naye hata kwenye beseni hajui kuogelea. Mama Zipora akajitupa majini, akamkamata ukosi wa shati, akamkokota hadi kwenye kichaka cha matete. Walipogeuka, mtumbwi, uliokwisha kupigwa teke na mruko ule, ulikuwa unakwenda zake na upepo, umebeba upondo, dumu la maji ya kunywa na kitabu.

"Ua umelipata?" mama akauliza.

Hakulipata. Alichopata ni ganda la kome lililompasua unyayo. Mama akachuna funjo, akalichana nyuzi, akamfunga kidonda kwa nguvu hadi Octavian akaita watakatifu wawili.

Mashariki wingu lilikuwa limekaa jeusi kama chungu. Huo ulikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua za Elinino hazikuwa na mzaha na mtu.

"Likimwagika kabla hatujafika tuta la reli," mama akasema, "hapa tuliposimama patakuwa juu ya kichwa chako. Twende."

"Upande gani? Jua limefichwa, mama."

"Jua la nini? Tazama majani. Yungiyungi linakaa maji gani?"

"Ya kina."

"Basi tulizunguke. Tete linashika tope, kanyaga mashinani. Ukiona ndago, shukuru Mungu, hapo maji ni ya magoti."

Hayo yote Octavian aliyafaulu chuoni, tena kwa alama za juu. Ila mtihani wa chuoni haukuwahi kumlowesha kifua. Sasa aliyasoma kwa nyayo: mizizi ya matete ikamshika mguu kama ngazi, na alipoteleza hatua moja tu pembeni, tope likamla hadi paja.

Kiu ikamshika. Akainama penye nyasi fupi, nyeupenyeupe. Kofi likatua mkononi.

"Nyasi hiyo inapenda chumvi! Ukinywa hapo utatapika hadi jina la ubatizo." Akang'oa tete changa, akalimenya, akampa moyo wake. Ulikuwa mtamu, umejaa maji. "Na usimalize kichaka. Humu mizizini ndimo kambare wanamolelea watoto. Tete likiisha, na samaki kwaheri."

Octavian akatafuna, akimtazama mwanamke yule kama mtu aliyekutana na maktaba inayotembea.

Kisha mvua ikashuka. Maji yakapanda mbavuni, na Mama Zipora akasimama ghafla, uso umekunjamana.

"Msuli umenibana. Tangulia wewe."

"Mimi?"

"Unamwona mwingine?"

Kushoto maji yalitulia, mayungiyungi yamejipanga vizuri kama maua ya harusini. Mbele, zulia la kijani. Kulia, vichwa vichache vya ndago vilitetemeka, karibu vizame. Octavian akaweka mkono wa mama begani kwake, akaenda kulia. Kifua. Akasita, akaendelea. Kiuno. Magoti. Halafu kokoto za tuta la reli zikamkwaruza viganja, akazikumbatia kama ndugu.

Masudi, dereva wa ofisi aliyekuwa akiwasubiri hapo, alishuka kwenye Landrova akicheka hadi akajishika mbavu. "Mtaalamu! Mama kakuokota wapi?"

"Kaniokota nini? Kipande cha mwisho nimeongoza mimi. Mama, mwambie!"

"Acha hizo. Wewe uongoze Bahi?"

"Nilikuwa mbele, Masudi! Mbele kabisa! Mama, si nilikuwa mbele?"

Mama Zipora akakamua kanga yake taratibu.

"Ulikuwa mbele, mwanangu. Punda naye hutangulia. Njia anaijua anayemswaga."