Droo Iliyolowa

Mvua ilikuwa ikitwanga bati pale mwanamke mgeni alipojitosa ndani ya karakana, amekumbatia droo kifuani. Gauni lake la njano lilikuwa limemganda magotini. Fundi wa rangi aliacha brashi hewani.

"Usinishangae, nifutie kiti," alisema mgeni. "Nataka kitanda kipya, kipakwe rangi kama ya droo hii. Ni ya kabati la marehemu mama. Vitakaa chumba kimoja."

"Umebeba nyumba nzima au umebakiza?"

"Nimebakiza ulimi."

Mgeni alikuwa mshonaji wa nguo, na kwenye rangi hakuwa mtu wa kudanganywa. Fundi alichukua kipande cha mbao ya kutengenezea kitanda hicho, akakipaka michirizi mitatu ya kahawia: ya asali, ya kati, na iliyokolea.

"Iliyokolea," alisema mshonaji papo hapo.

"Ngoja ikauke. Ikikauka hupauka, kisha vanishi huirudishia uhai."

Wakangoja huku wakichokozana. Vanishi ilipopita, mchirizi na droo vikawa pacha.

"Na ikifika nyumbani ikakataa?"

"Nitaipiga msasa yote nianze upya. Naahidi."

Siku zilizofuata simu haikupoa.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula vumbi, mpenzi."

"Mpenzi wako nani?"

"Huyo anayeuliza."

Mshonaji alikata, akapiga tena akicheka.

Kisha jioni moja akaropoka, "Fanya haraka, bwana harusi anakitaka kitanda kabla ya Jumamosi!" Fundi alihisi moyo umeteleza. Tangu hapo simu yake iliita weee, hakupokea.

Alhamisi alikipeleka kitanda mwenyewe, uso umekunjamana. Alipokisimamisha kando ya kabati, wote wawili wakaona kosa. Droo, sasa kavu, ilikuwa na rangi ya asali. Kitanda kilikuwa cheusi kama kahawa.

"Acha tu," alisema mshonaji. "Nitatandika shuka refu."

Fundi alikuwa ameshatoa msasa. "Niliahidi. Bwana harusi wako asije akanilaumu."

"Wangu? Wewe! Bwana harusi ni mdogo wangu, tumbo moja! Kumbe ndiyo maana umeninunia, mimi nalala na simu kifuani kama mgonjwa?"

Fundi akakaa sakafuni.

"Basi na mimi nikwambie ukweli. Siku ile droo ilikuwa imelowa, na mbao ikilowa hukoza rangi. Nilipaswa kungoja ikauke. Sikungoja kwa sababu nilikuwa nakutazama wewe."

Mshonaji alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakitikisika kwa kicheko, au kilio. Hata yeye hakujua.

Simu ya fundi ikalia. Ni bosi. "Uko wapi? Mwenye hoteli amefika, anataka kumwona fundi wa viti vyake sasa hivi. Usipotokea nampa mwingine."

Kazi ya kupaka rangi viti vya hoteli alikuwa ameiota mwaka mzima.

"Nenda, mpenzi," alinong'ona mshonaji. "Kitanda kitasubiri."

"Harusi ni kesho kutwa. Rangi nayo inataka muda wa kukauka." Akarudi kwenye simu. "Mpe mwingine, bosi."

Alikunja msasa, akaanza kuusugua kwenye kichwa cha kitanda. Mshonaji alivua bangili, akachukua kipande cha pili, akapiga magoti upande wa pili. Vumbi jeusi likamwagika juu ya gauni lake jipya, naye hakulipangusa.