Nilimtajia Mume Wangu Siri ya Mtambo Wangu

Nina miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Tanga, na kwa taaluma ni mhandisi wa mitambo ya mafuta. Naandika haya bila machozi. Msidhani mimi ni jasiri... hayaji tu!

Nilikuwa Riyadh, kwenye kampuni inayosanifu mitambo. Mume wangu Mbaraka, mhandisi kama mimi, alikuwa tawi la Jeddah la kampuni hiyo hiyo. Kila mmoja na ikama yake, kibali chake cha kuishi nchini. Alhamisi jioni napanda ndege kwenda kwake, Jumamosi narudi. Watu walisema, ndoa gani hiyo ya kupanda ndege? Mimi niliipenda hivyo hivyo.

Kisha ukaja mradi wa lami. Mteja alikuwa wa nchi ya baridi, huko ambako mafuta huchimbwa yakiwa lami nzito iliyoshikamana na mchanga. Alitaka mitambo mitatu iwe kitu kimoja: wa kuigeuza lami iwe mafuta mepesi, wa kuyasafisha mafuta hayo, na wa kutengeneza malighafi za plastiki. Gesi inayobaki kwa mmoja iwe chakula cha mwingine. Mimi nikapewa lami, mume wangu akapewa plastiki. Na lami haigeuki bila gesi ya haidrojeni, na haidrojeni ilitoka upande wa mume wangu! Siku hiyo nilicheka sana. Kumbe...

Sasa, kuna jambo wahandisi hatulisemi. Ukiomba haidrojeni, unaomba na ya ziada kimyakimya, maana lami ina siku zake mbaya. Ni kama mpishi anavyotia kibaba cha mgeni asiyealikwa. Kila mtu anafanya, kila mtu anajua, na hakuna anayemuuliza mwenzake ni kiasi gani.

Ijumaa moja, nyumbani kwetu Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, tumemaliza pilau, akaniuliza. Aliuliza kwa utani huku ananimenyea chungwa: "Hebu niambie, bibie, umeficha kiasi gani?"

Nikamwambia. Nimfiche mume wangu? Nikamtajia yote, na mahali nilipoiweka kwenye hesabu. Yeye ya kwake hakunitajia, wala mimi sikuuliza.

Wiki iliyofuata tukawa na kikao cha pamoja, mteja yuko kwenye skrini. Mume wangu akaomba kusema. Akasema upande wa Riyadh umeomba haidrojeni usiyoihitaji, akaonyesha ilipo, mahali penyewe! Bosi akanigeukia. Ningesema nini? Kwamba hata Mbaraka anaficha? Sikuwa na ushahidi. Kwamba alijua kwa sababu tulikuwa tunakula machungwa? Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe nilikuwa nimeolewa nayo.

Mteja akasema haniamini tena. Timu mbili zikaunganishwa, mume wangu akawa mkuu. Mkataba wangu ulipokwisha, bosi akasema neno moja tu: "Halas." Yaani basi, imekwisha.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akasema kazi ni kazi, angenyamaza angekuwa anamdanganya mteja. Nikamwamini nusu. Nilikuwa na njia mbili: nirudi Tanga, au ikama yangu ihamie chini ya jina lake, yeye awe kafili wangu, mdhamini wangu kisheria, niwe mke wa nyumbani Jeddah. Nikachagua ndoa. Jamani, nani asingechagua ndoa?

Siku moja akaalika wenzake wa kazini, Wakenya na Watanzania. Natoka jikoni na jagi la juisi, nikamsikia anawachekesha. "Nimemsihi miaka yote ahamie huku, hataki! Nikamtoa Riyadh kwa haidrojeni. Sasa kafili wake ni mimi!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikawamiminia juisi, wote, nikarudi jikoni. Tangu hapo sisikii kitu moyoni. Si hasira, si huzuni. Loo, hata njaa nilikuwa naijua kwa kuangalia saa!

Kisha mama yangu akaugua huko Tanga. Nilihitaji kibali cha kutoka nchini na kurudi, na kibali hicho sharti akiombe kafili, yaani mume wangu, kwa simu yake. Nikamwomba. Akasema subiri mradi utulie. Nikamwomba tena, akasema mama anao dada zako. Labda aliogopa nikienda sitarudi... Nikapika, nikafua, nikasubiri.

Mama akafa asubuhi, akazikwa alasiri.

Mume wangu alilia. Kweli alilia! Akashika simu, akabonyeza, na kibali kikatoka kabla chai yake haijapoa. Nilibaki nakitazama kile kikombe.

Sasa niko Tanga. Anapiga simu, anauliza nitarudi lini, anasema alifanya yote kwa kunipenda. Namwamini. Hilo ndilo linalonitisha... namwamini, na halinisaidii chochote.

Dada zangu mlio ughaibuni, nawasihi! Wapendeni waume zenu, wapikieni, chekeni nao. Lakini ruhusa ya kwenda kwa mama yako isikae kwenye simu ya mtu mwingine, hata kama unalala naye kitanda kimoja. Mimi nilifika, udongo wa kaburi umeshakauka.