Kakule Ndiye Anayefungua

Jambo hili lilianza Jumanne, tarehe kumi na moja Novemba, saa kumi na moja na dakika ishirini za jioni, katika chumba kidogo cha redio ya mtaa mjini Butembo, Faida alipokuwa akitoa maoni yake juu ya filamu ya wezi.

Faida alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, na kazi aliyoipata haikuwa ile aliyoisomea. Alikuwa akitazama filamu kwenye ukumbi wa Manassé, kisha anaizungumzia redioni. Wasikilizaji walimpenda kwa sababu hakuna kilichompita. Saa ya ukutani ikirudi nyuma kati ya picha mbili, yeye aliiona.

"Filme ni muzuri," alisema siku hiyo. "Bezi banavaa suti sawa bwana arusi. Hakuna hata mumoja anatoka jasho. Banaiba almasi sawa mutu anachuma tomati mu shamba yake mwenyewe. Mais lakini uzuri yake ni ya nguo tu. Macho inashiba, roho inalala njaa."

Kisha akageukia kazi ya Manassé, ambaye hutafsiri filamu kwa mdomo huku picha zikienda. Manassé huwapa watu wa kwenye filamu majina ya nyumbani ili watazamaji wasipotee. Wezi hawa aliwaita kwa zamu ya kuzaliwa, kama Wanande, wenyeji wa Butembo, wanavyowaita watoto wao wa kiume: Paluku, Kambale, Kasereka. Baada ya hapo alimruka Kakule, jina la mtoto wa nne, akaenda moja kwa moja kwa Katembo, jina la wa tano.

"Na angalia," Faida aliendelea, "bezi boote iko inje, mais mulango ya benki inafunguka kutoka ndani. Mara tatu! Nani anafungula? Manassé alitufichia Kakule. Kakule, ndugu yangu, kama unanisikia, karibu kwetu. Na siye utufungulie."

Edmond, fundi wa mitambo, alicheka nyuma ya kioo. Na ndani ya vifaa vya masikioni, karibu sana, sauti ya mwanamume ikasema kwa utulivu: "Niko."

Faida alidhani ni Edmond. Lakini Edmond alikuwa na kipande cha muhogo mdomoni.

Nyumbani Faida alikuwa akiishi na kaka yake Issaka, msafirishaji wa mizigo kati ya Butembo na Beni, ambaye juma hilo alikuwa Oicha akipakia kakao. Mke wake, Katungu, alikuwa na watoto watatu wa kiume na tumbo la miezi tisa. Jioni ile hakuitikia salamu.

"Mulamu, unaita jina ya mutoto wangu ku radio?" alimuuliza wifi yake.

Hapo ndipo Faida alipokumbuka. Mtoto wa nne, akiwa wa kiume, angeitwa Kakule. Na jina la mtoto ambaye hajafika halitajwi, sembuse kuitwa na kukaribishwa. Hilo kila mtu wa Butembo analijua. Faida naye alilijua, filamu ilimsahaulisha.

"Ilikuwa muchezo, mama Paluku."

"Jina ya mutoto ni kiti yake; kama inaitwa mbele afike, mwingine anaikala," alisema Katungu. "Kwetu Vuhovi hatuchezake na ile."

Asubuhi ya Jumatano pingo la chuma, ambalo Faida alilitia mwenyewe mlangoni kabla ya kulala, lilikuwa limeegemezwa ukutani kwa unadhifu, kama mwavuli wa mgeni. Mlango ulikuwa wazi kidogo, ukungu ukiingia. Hakuna kilichoibwa. Kulikuwa na harufu tu: rangi ya viatu, nguo mpya, na chini yake kitu kama majivu yaliyonyeshewa.

Katika mji ule watu hawalali mlango ukiwa wazi. Wamesikia mengi mno ya mauaji ya usiku kutoka barabara ya Beni. Siku hiyo Faida alitia pingo na kulifunga kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Alhamisi alfajiri kamba ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Na wakati wa chakula watoto watatu walisogea kwenye benchi bila kuambiwa, wakaacha nafasi mwishoni, upande wa mlango.

"Juu ya nini munafinyana hivyo?" Katungu aliwauliza.

Waliendelea kula wakitazama sahani zao.

Faida alitoka nje, akampigia simu Manassé.

"Aah, mukosoaji mukubwa!" Manassé alicheka. "Unanitoboa ku radio, sasa unataka tiketi ya bure?"

"Papa Manassé, Kakule ulimuruka juu ya nini?"

"Bibi yangu iko na mimba ya mutoto wa ine. Ile jina nilimuwekea mutoto. Wewe haujue ile?"

"Na ule mulango wa benki?"

"Mulango gani?"

"Ule unafunguka kutoka ndani."

Sauti ya Manassé sasa haikuwa na kicheko. "Dada Faida, ile filme nimeionyesha tangu mwezi wa nane. Banapitia ku paa. Mu ile filme hakuna mulango."

Ijumaa, mvua ikinyesha, uchungu ulimshika Katungu. Issaka alikuwa njiani, akaahidi kwa simu kumfikisha kwenye nyumba ya uzazi. Faida aliwalaza watoto, akawasha taa, akatia pingo. Katungu alikuwa chumba cha ndani akipumua huku ameuma meno.

"Mulamu," alinong'ona. "Unasikia?"

Faida alisikia. Nje, kwenye matope, palikuwa na hatua za viatu, si viatu vya plastiki vya mtaani bali viatu vya ngozi, vya watu wasio na haraka, vikaja hadi ukutani vikasimama, na harufu ile ya nguo mpya ikapenya chini ya mlango pamoja na baridi, na ndani ya nyumba, hapo hapo sebuleni kati yake na mlango, kiatu kingine kimoja kikalia juu ya saruji, kikapiga hatua, kikapiga nyingine, na pingo likaanza kuinuka polepole, bila kukwaruza, kama linavyoinuliwa na mtu aliyepewa kazi na anayeipenda, naye Faida akasoma Ayat al-Kursiy akakwama katikati, na chumbani Katungu akaita Bikira Maria, na pingo halikusimama.

Hapo akajua kwamba wa kusema ni yeye. Yeye ndiye aliyempa kazi.

"Kakule," alisema. "Ni mimi nilikuita. Maoni yangu nilikosea. Kazi yako hapana kufungula. Unasikia? Kakule ndiye mwenye anafunga. Wenzako babaki inje."

Pingo lilisita hewani. Kisha likashuka, likakaa mahali pake kwa mlio mdogo. Nje viatu vilingoja, halafu vikaondoka kimoja kimoja.

Issaka alipofika alipiga mlango kwa ngumi, akaita. Faida alilivuta pingo kwa mikono yote miwili, akalivuta kwa uzito wa mwili wake wote; halikutikisika. Mtoto alizaliwa mle mle, mikononi mwa shangazi yake, baba akilia nje mvuani. Alikuwa wa kiume, mzima. Kulipopambazuka pingo lilikuwa jepesi kama kijiti cha muhogo.

Issaka aliingia akiwa amelowa, akamwadhinia mtoto sikioni, akainua uso akitabasamu. "Kakule wangu."

"Hapana, kaka," alisema Faida haraka. "Katembo. Huyu ni Katembo."

Issaka alimtazama mkewe. Katungu aliitikia kwa kichwa, akageukia ukuta.

Basi Faida akaenda jikoni, akapika uji wa mtama. Akawajazia watoto vikombe vyao vitatu. Akachukua kikombe cha nne, akakifuta vumbi kwa kanga, akakijaza, akatia sukari, akakiweka mwisho wa benchi, upande wa mlango. Kisha akawapa mgongo wote, akaanza kuosha sufuria iliyokuwa bado ya moto.

"Kunyweni, batoto," alisema. "Itapoa."