Mtoto Aliyekataa Majina

Mtoto alikataa kupiga chafya.

Chepchirchir, nyanya yake, alimtia ugoro kidogo puani akaanza kuwaita wafu wa ukoo, kama Wakalenjin wanavyofanya mtoto anapozaliwa. Jina litakalomtoa chafya ndilo la mzee aliyerudi ndani yake. Alianza na marehemu mumewe Kiptanui, aliyekufa kwa viboko vya mzungu kwenye shamba hilohilo walilofanyia kazi. Mkazamwana wake, Chepngeno, mama wa mtoto, alikuwa amemwahidi mumewe Kiplangat kwamba baba yake angerudi. Mtoto akatulia tu, macho wazi. Akaitwa babu wa Kiptanui, wakaitwa ndugu zake, hata yule mwizi wa ng'ombe ambaye hakuna aliyemtamani. Wapi!

Kesho yake mtoto alikuwa hajanyonya bado. Hakuna aliyemkaribisha duniani kwa jina lake, angenyonya kwa ajili ya nani? Midomo ilianza kukauka.

Hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuulizwa. Kambi ile ya wafanyakazi, juu ya Kariandusi, ilikuwa imebaki tupu tangu serikali ya kikoloni ilipowapakia Wakikuyu wote kwenye malori na kuwaondoa. Wangare, rafiki pekee wa Chepngeno, alikwenda na malori hayo. Kiplangat naye, kwa kuwa mila haikumruhusu kuingia penye mtoto mchanga, alilala zizini.

Jioni ukungu uliposhuka, harufu ya kiko ikaingia ndani.

Aliyevuta kiko shambani pale alikuwa mmoja tu, mwenye shamba, naye alizikwa nyuma ya nyumba kubwa kabla ya mvua. Walimwita Bwana Mluzi, maana maisha yake yote hakumwita Mwafrika kwa jina. Wazee wenye wajukuu na mbwa wake aliwapigia mluzi uleule. Lilikuwa jitu la roho mbaya, na atakayeweza kulisamehe na alisamehe.

Baada ya harufu zikaja hatua za buti, nzito, za mtu anayetembea juu ya mbao, ilhali sakafu ya nyumba ile ilikuwa udongo na samadi, zikazunguka kitanda polepole, zikampita Chepngeno aliyekuwa amebana pumzi, zikasimama kichwani pa mtoto, na mtoto, ambaye tangu azaliwe hakuwa amegeuza shingo, akageuka akatazama juu.

"Mama," Chepngeno akanong'ona, "ni nani hujamwita?"

Chepchirchir alikaa chini palepale.

"Wafu wanakuja kwa damu yao tu," akasema. "Kiplangat si wa Kiptanui. Nilikuwa nafua nguo kwa nyumba kubwa. Huyo mzungu hakuniuliza."

Kiptanui ndiye aliyekwenda kumuuliza mzungu, na jibu likawa vile viboko. Kiplangat alikuwa tumboni bado. Alipokua, watu walisema weupe wake ni wa upande wa mama, naye akaamini.

"Mwite, mama. Mtoto anakufa."

"Wacha afe. Hilo jina haliwezi kutoka kwa mdomo wangu."

Hakusema kwa ukatili. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Chepngeno alimwonea huruma kuliko mtu yeyote duniani, na bado akauchukua ule ugoro kutoka mkononi mwake. Yule ambaye hakuwahi kumwita mtu kwa jina alikuwa amesimama hapo akingoja kuitwa. Chepngeno alimchukia kwa moyo wake wote. Akamwinamia mwanawe, akasema, "Bwana Mluzi."

Mtoto akapiga chafya. Akalitafuta titi, akanyonya kwa nguvu mpaka likauma.

Chepchirchir alikunja blanketi lake, akaenda kulala katika nyumba iliyoachwa na Wangare. Hakumtazama mjukuu wake tena.

Asubuhi Kiplangat alisimama nje ya ukuta akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani amerudi.

Chepngeno alikuwa na usiku mzima wa kulitafuta jibu. "Kiptanui," akasema.

Akamsikia mwanamume mzima akilia kwa furaha.

"Kiptanui," Kiplangat akaita. "Baba, karibu nyumbani."

Mtoto akaliachia titi. Midomo ikageuka rangi ya majivu, kifua kikasimama. Chepngeno akaweka mdomo sikioni mwake, akanong'ona lile jina jingine, chini kabisa, lisipite ukutani. Mtoto akavuta pumzi, akarudi kunyonya.

Huko nje, Kiplangat akaita tena.