Mgeni Mweupe Juu ya Kara-Say

Farasi alirudi peke yake.

Zuura alimwona akitokeza katikati ya weupe, hatua kumi tu kutoka mlango wa zizi, kwa sababu mchana ule zaidi ya hatua kumi hapakuonekana kitu. Hatamu zilimlegea shingoni, na ubavuni aliburuza mti mmoja uliovunjika wa sleji, lile gari lisilo magurudumu la kutelezea thelujini. Ndoo ya maji ikamponyoka Zuura. Alitazama nyuma ya farasi, akatazama tena, kama mtu anayesubiri mwenzake aliyechelewa kidogo. Hakuna aliyetokea.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, toka! Farasi amekuja bila Baba!"

Bibi Ulkan, mama mkwe wake, alitoka na unga mikononi. Alimgusa farasi pua, akamkung'uta barafu kwenye kope, kisha akaketi kitako pale pale kwenye theluji. Hakulia. Alipigwa na butwaa tu.

"Nilimwambia arudi," Zuura akasema. "Alinisikia, Mama. Alinipungia mjeledi, halafu akamchapa farasi aende mbio zaidi. Mtu anaambiwa rudi, anaongeza mwendo?"

Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu asubuhi.

Baba mkwe wake, Mzee Boronbay, alikuwa mkono wa birika, na majira yale ya baridi yalimpa kila sababu ya kuwa hivyo. Theluji ilianguka kabla watu hawajamaliza kuchimba viazi, na haikuondoka tena. Tangu Desemba wote watatu walikuwa wamehamia chumba kimoja, pamoja na wanakondoo wawili wagonjwa. Majani ya chai yalichemshwa mara tatu, na mara ya tatu mzee aliyasifu kuliko ya kwanza. Jikoni viliingia vitofali saba vya samadi kavu ya kuwashia moto kwa siku. Alivipanga mwenyewe kila asubuhi, na ole wake aliyegusa cha nane. "Akiba haiozi," alipenda kusema, na kwa kweli katika baridi ile hapakuwa na kilichoweza kuoza.

Lakini ng'ombe hawaambiwi wale kidogo. Kufikia Februari nyasi kavu za zizini zilibaki za siku nne. Lundo la mwisho lilikuwa juu, kwenye korongo la Kara-Say, pale pale alipozikata kiangazi. Wenzake walishusha zao kwa trekta kabla ya baridi. Yeye alikataa. Sleji hainywi mafuta, alisema, tungoje theluji ishikane. Na lundo lenyewe liko pembe gani ya korongo, hakumwambia mtu, majirani wasije wakaonja.

Asubuhi ile alikuwa ameshavuka kijito na sleji yake simu ya Zuura ilipolia. Zuura alipanda juu ya paa la zizi, mahali pekee penye mtandao. Alikuwa mumewe, Kubat, aliyekwenda Urusi kujenga maghorofa. "Boron inakuja!" Kubat alisema. "Wametangaza, ni kubwa. Mzee asitoke!" Simu ikakatika.

Boron, kwa Kikirigizi, ni dhoruba ya theluji, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Mkaza mwana hataji jina la baba mkwe wake, wala neno lililomo ndani ya jina hilo. Boronbay alizaliwa siku ya dhoruba, akapewa jina la dhoruba. Basi kwa miaka minne, tangu aingie nyumba ile akiwa bibi harusi, Zuura hakuwa amelitamka neno boron hata ndotoni. Dhoruba aliiita "mgeni mweupe", na nyumba nzima ilikuwa imezoea.

Kwa hiyo juu ya paa alikusanya viganja mdomoni, akapaza sauti hadi koo likamuuma: "Baba! Mgeni mweupe anakuja! Rudi!" Mzee aligeuka, akainua mjeledi, akatokomea kwa mwendo wa kuogofya. Saa mbili baadaye mbingu ilishuka.

Sasa Zuura alifunga joho la sufu kwa kamba ndefu kiunoni. Alichukua chupa ya chai, kiberiti alichokifunga kwenye nailoni, na mfuko wa kuruti, yale madonge ya maziwa makavu yanayonyonywa polepole.

"Usimwongoze farasi," Bibi Ulkan akasema, sasa amesimama. "Ukimwongoza mtapotea wote. Mwachie hatamu, atakwenda alikotoka."

"Na wewe panda paani, umpigie jirani yetu Satar na watu wake."

"Mimi? Paani? Kwa magoti haya?"

"Panda, Mama."

Walitazamana. Hakuna mkaza mwana aliyewahi kumwamuru Bibi Ulkan kitu. Bibi akageuka kwenda kutafuta ngazi.

Farasi hakutaka kurudi juu. Mara mbili aligeuka, mara mbili Zuura akambembeleza, akampiga, akambembeleza tena. Upepo ulimjia usoni na punje za barafu zilizokwaruza kama msasa. Baada ya muda hakujua tena kama anapanda au anashuka. Nguzo za umeme alizozitegemea zilipotea moja baada ya nyingine. Alijilaza kwenye shingo ya mnyama, akafumba macho, akaomba. Miguu ilianza kuuma, kisha ikaacha kuuma, na hilo lilimtisha zaidi.

Farasi akasimama.

Mbele yake sleji ilikuwa imepinduka, upande mmoja umefukiwa. Zuura alishuka, akaanguka, akachimba kwa mikono. Chini ya sleji alipata kofia ya mzee, ile ya ngozi ya mbweha. Ilikuwa ngumu kama kibuyu. Mtu hayupo. Mtu haachi kofia yake katika baridi ile akiwa na akili zake.

"Baba!" aliita. "Baba! Baba!"

Upepo uliumeza ule mwito pale pale mdomoni. Alizunguka kadiri kamba aliyoifunga kwenye sleji ilivyomruhusu, akiita, akisikiliza. Alipita karibu na kichuguu cha theluji, akarudi, akapita tena. "Baba!" Sauti ilianza kumkauka. Aliona waziwazi jinsi itakavyokuwa: Machi theluji itapungua, mbwa wa Satar watampata mzee, na yeye atakuwa amesimama pale pamoja na watu, akijua kwamba asubuhi ile neno moja tu lingemrudisha.

Akafungua mdomo. Ulimi ukawa mzito. Aliwahi kumsikia mwanamke aliyelitaja jina la mkwe wake kwa bahati mbaya harusini, na miaka ishirini baadaye bado watu walimcheka. Akafumba macho, kana kwamba asiyeona haonekani.

"Boronbay!" akapiga ukelele. "Boronbay! Boronbaaay!"

Ilikuwa kama anaiita dhoruba yenyewe imle.

Ndipo kile kichuguu kikasema, kwa sauti ya chini na ya hasira: "Nani huyo asiye na adabu?"

Hakikuwa kichuguu. Lilikuwa lundo la nyasi, limevikwa theluji hadi utosini. Zuura alilishambulia kwa viwiko na magoti hadi akapata tundu, na ndani ya tundu akapata uso wa Mzee Boronbay, umekuwa wa kijivu, masharubu yameganda.

"Ni wewe?" mzee akasema, macho yamemtoka pima. "Ni wewe uliyeniita?"

"Nisamehe, Baba."

"Ingia ndani. Ziba tundu. Unapoteza joto."

Zuura alimfunga farasi upande usio na upepo, kisha akajisukuma ndani. Giza la mle lilinuka kiangazi. Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa umevunjika chini ya goti. Sleji ilimwangukia kwenye mteremko, farasi akaruka, akavunja mti na kukimbia, na mzee akatambaa kwa viwiko hadi kwenye lundo. Zuura aliufunga ule mguu kwa mpini wa mjeledi na mkanda wake. Mzee aliuma mkono wa koti asilie.

"Una kiu?"

"Nimekula theluji."

"Usile tena, itakumalizia joto. Kunywa hii, kidogo kidogo."

"Chai mpya?" Mzee alionja, akakunja uso. "Umeweka majani mapya?"

"Nimeweka konzi nzima, Baba."

Mzee alikunywa tena. "Farasi anakula nyasi?"

"Anakula."

"Kiasi gani?"

Zuura alikuwa akimsugua vidole vya miguu, na viwili kati yake vilikuwa vyeusi.

"Nilikuita 'Baba' karibu saa nzima," akasema baadaye. "Nilipita hapa hapa. Kwa nini hukuitika?"

"Nilisikia." Mzee alinyonya kuruti yake. "Baba, Baba, Baba. Nikasema basi, ndiyo kuganda kwenyewe huku. Mtu akianza kuganda husikia wanawe. Ndugu yangu aliwasikia, akaenda kuwafungulia mlango nje kabisa, tukamkuta asubuhi ameganda. Nikaziba masikio. Lakini jina langu..." Akasita. "Mke wangu haniiti kwa jina. Watoto hawaniiti. Waliokuwa na ruhusa ya kuniita walikwisha kufa, wa mwisho ana miaka kumi na mmoja kaburini. Nikasema, kifo hakilijui jina hili, huyu ni mtu."

Zuura alishikwa na haya na machozi kwa pamoja. Ili asilie, akauliza lile la asubuhi.

"Mbona ulikimbia? Nimekwambia mgeni mweupe anakuja."

"Mweupe?"

"Mgeni mweupe, Baba!"

Nyasi zikatikisika. Mzee alikuwa amejifunika uso.

"Mweupe sikusikia," akasema chini ya viganja. "Nilisikia mgeni. Mgeni anakuja, rudi. Nikawaza: mgeni ni kondoo wa kuchinja. Nimebakiwa na kondoo kumi na mmoja, wote wana mimba. Nikawaza, asiponikuta, mtampa chai tu, ataondoka."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Boronbay alikuwa amemkimbia mgeni na kujitia katikati ya kifo ili kuokoa supu. Kicheko kikamtoka Zuura, kibaya, cha kukwaruza, na katikati yake kikageuka hasira ambayo hakujua anayo.

"Mama yuko juu ya paa kwa ajili yako! Magoti yake yale! Nami sizisikii nyayo zangu! Kwa kondoo, Baba?"

"Usimwambie mtu," mzee akanong'ona. "Mkirigizi aliyemkimbia mgeni. Afadhali nife."

"Hufi," Zuura akasema kwa ukali, akamsogezea mgongo wapate joto. Hivyo ndivyo walivyokaa hadi kukapambazuka, wakifinyana kila mmoja alipotaka kusinzia.

Asubuhi upepo ulikuwa umetulia, umebaki wa kupepea tu. Zuura alitoboa theluji, akatoa kichwa, mwanga ukamchoma macho. Halafu akawaona: wapanda farasi wanne, wadogo kama sisimizi, kwenye mgongo wa mlima wa pili. Walikuwa upande usio wenyewe. Wangejuaje, wakati lundo lilikuwa siri? Alipiga kelele, lakini koo lilitoa pumzi tu. Wale watu walisimama, wakashauriana, wakaanza kugeuza farasi.

Akamvuta mzee nje kwa mabega, akamlaza kwenye joho. Akamsogeza farasi mbali na nyasi, akatoa kiberiti. Mkono wa mzee ukamkamata kifundo.

"Zile ni nyasi zangu zote," mzee akasema. "Ng'ombe wanne na kondoo kumi na mmoja mpaka Aprili. Hakuna nyingine. Unaelewa? Hakuna."

"Naelewa, Baba. Wanaondoka."

Mzee alitazama mlima. Alitazama lundo, kila konzi yake ameikata kwa fyekeo lake mwenyewe. Kisha vidole vikaachia kimoja kimoja.

"Washia upande unaotoka upepo, basi," akasema. "Huko ulikosimama utapoteza njiti bure."

Nyasi kavu hazichelewi. Moshi ulipanda mnene na wa manjano, moto ukanguruma, na theluji ikayeyuka kuwazunguka kwa hatua nyingi. Lilikuwa joto la kwanza la kweli tangu baridi ianze, na Boronbay aliota moto huo huku analia kwa sauti, bila kujificha.

Satar alifika wa kwanza, farasi wake anatoa povu. "Kumbe huku ndiko unakozificha!" akasema, kisha akauona mguu, akaacha mzaha. Walipokuwa wakimfunga kwenye sleji yao aliongeza, kama jambo dogo: "Kila nyumba itakuletea sleji moja ya nyasi. Tumekubaliana njiani, tulipouona moto."

"Mimi sijawahi kuwapa hata konzi," mzee akasema kwa mshangao.

"Tunajua."

Njiani mzee alianza kuzama. Kope zilishuka, maneno yakawa matope. Walipofika uani alikuwa haitikii tena. Bibi Ulkan alikuja akichechemea, mkono mmoja umefungwa kitambaa, kwa kuwa ngazi ilimwangusha baada ya kupiga simu. Aliinamia sleji.

"Mzee," akaita. "Baba Kubat. Ewe mzee!"

Uso wa kijivu haukusogea. Satar alivua kofia. Bibi Ulkan akamgeukia Zuura, macho makavu na makali.

"Wewe ulimpataje? Ulimwitaje mpaka akakusikia?"

Zuura alitazama chini. Wanaume walikuwa wanasikiliza. Aliyakusanya mate yaliyobaki, akasema: "Nilimwita kwa jina, Mama."

Bibi Ulkan alimkodolea macho mkaza mwana wake kwa muda ambao Zuura aliuona mrefu kuliko usiku wote wa nyasi. Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akaweka mdomo kwenye sikio la mume aliyeishi naye miaka arobaini na minne. Alianza, akakwama. Akajifuta mdomo kwa shali, akaanza tena, kwa sauti ya kujaribu, kama anayeonja uji wa moto.

"Boronbay."

Jicho moja likafunguka, halafu la pili. Mzee alimtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

"Rudia," akasema.

"Mara moja inatosha," Bibi Ulkan akajibu, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. "Si wewe unayetufundisha kubana matumizi?"

Kisha akarudia.